Muhuri hauoshi nyama

Kwenye mabucha ya Kibiti, kama ilivyo Bungu, Ikwiriri na Jaribu Mpakani, mnunuzi wa nyama huwa na maswali mawili. La kwanza, nyama ni ya leo? La pili, kwa wale waangalifu, imepimwa? Muuzaji hana haja ya kujibu kwa maneno. Analigeuza paja kwenye ndoano, muhuri wa wino unaonekana, kilo inakatwa, inafungwa, mtu anashika njia ya nyumbani. Nimelitazama jambo hili mara nyingi kando ya barabara ya Kilwa, na kila mara nabaki na swali la tatu ambalo sijamsikia mnunuzi akiliuliza: huko alikochinjwa ng'ombe huyu, kulikuwa na maji?

Nasema mapema ninachokiamini. Ukaguzi wa nyama tunaoutegemea uliwekwa ili kukamata magonjwa yanayoonekana kwa macho. Vimelea vinavyowaharisha watoto wetu havionekani, na mara nyingi vinaingia kwenye nyama saa ileile ya kuchinja na kuchuna, kwa ng'ombe aliyekuwa mzima kabisa. Halmashauri za kusini mwa Mkoa wa Pwani zikiwa na fedha kidogo tu za kutumia kwenye usalama wa nyama, ziipeleke kwenye maji safi na kwenye mnyororo wa kumning'iniza ng'ombe. Mengine yafuate nyuma.

Jicho linaona nini

Simdharau mkaguzi. Afisa mifugo anayeamka alfajiri, akapasua tezi, akaminya mapafu, akachana ini kutafuta minyoo na akauangalia moyo na ulimi kama una vijipovu vya tegu, anafanya kazi iliyookoa watu wengi. Kifua kikuu cha ng'ombe kilikuwa janga, na kisu cha mkaguzi kilisaidia kukidhibiti. Tatizo ni kwamba tumeupa muhuri wake kazi usiyoiweza.

Salmonela, kampilobakta na E. koli ya aina hatari makazi yake ni utumbo. Ng'ombe anaweza kutembea nayo kutoka Muhoro hadi mnadani akiwa amenenepa, manyoya yanang'aa, hakohoi wala haharishi. Mkaguzi atampitisha, na atakuwa sahihi. Hatari inaanza anapoangushwa. Ngozi ina mavi yaliyokauka. Kisu kinachotoboa ngozi kinaingia na mavi hayo hadi kwenye nyama. Mikono iliyoshika kwato ndiyo hiyohiyo inayoshika paja. Ikitokea utumbo umepasuka, au koo halikufungwa na cheu kikamwagika, basi vimelea vimetua kwenye mnofu ambao dakika chache zilizopita ulikuwa safi. Vikipata joto na unyevu, baadhi yake huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Nani asiyelijua joto la Kibiti saa sita mchana?

Hapa ndipo tunapojidanganya na nyama ya leo. Watu wetu wanaiogopa nyama iliyogandishwa, wanaiamini ile yenye vuguvugu la uhai. Lakini nyama vuguvugu iliyochinjiwa mahali pachafu ndiyo shamba zuri zaidi la bakteria. Upya wake unatuambia ng'ombe amekufa lini, hautuambii amekutana na nini baada ya kufa.

Marekani walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1993 watu zaidi ya 700 waliugua baada ya kula mikate yenye nyama ya kusaga katika migahawa ya Jack in the Box, na watoto 4 wakafariki. Chanzo kilikuwa E. koli ya aina ya O157. Nyama ile ilitoka kwenye machinjio yenye wakaguzi wa serikali, kila kitu kimekaguliwa kwa macho na kwa mkono. Ndipo mwaka 1996 wakabadili kanuni na kuyalazimisha machinjio kupima vimelea na kudhibiti kila hatua ya kazi. Nyumba njema si mlango, na paja jema si muhuri.

Mifugo ilifika, machinjio yakabaki nyuma

Rufiji ya zamani, iliyokuwa na Kibiti ndani yake, haikuwa nchi ya ng'ombe. Mbung'o walihakikisha hilo. Watu wa bondeni walikuwa wakulima wa mpunga na mahindi, wa delta wakawa wavuvi, wakataji wa boriti za mikoko na walimaji wa mpunga. Ng'ombe alichinjwa kwa harusi, kwa hitima au kwa Idi, akapikwa sufuria moja na kuliwa siku hiyohiyo. Kisha wafugaji waliondolewa Usangu na Ihefu kuanzia mwaka 2006, na serikali ikawaelekeza kusini, Lindi na Rufiji. Walikuja na maelfu ya ng'ombe. Magazeti yameandika sana habari za mashamba yaliyolishwa mifugo na za damu iliyomwagika katika migogoro ya wakulima na wafugaji, na ilikuwa lazima yaandike.

Lakini kuna badiliko jingine lililoingia kimya. Nyama ilikaribia. Mgeni njoo, mwenyeji apone: leo mishikaki inachomwa kwenye kila kituo cha basi, supu iko asubuhi, na familia iliyokuwa ikila nyama kwa sikukuu sasa inaweza kupata robo kilo katikati ya wiki. Hilo ni jema, tena jema sana. Mtoto wa Kindengereko anahitaji protini na madini ya chuma kama mtoto yeyote. Ubaya ni kwamba idadi ya ng'ombe wanaochinjwa imekua, ila sehemu za kuchinjia hazikukua nao.

Anayeyafahamu makaro ya kuchinjia ya miji midogo na vijiji vya Tanzania hahitaji kusimuliwa. Sakafu ya zege iliyochimbika, paa la bati likiwepo, mfereji ulioziba. Ng'ombe anachinjwa chini na kuchunwa palepale chini, ngozi yake ikiwa ndiyo mkeka. Tumbo linafunguliwa hatua mbili kutoka ilipolala nyama. Maji yanaletwa kwa madumu, yanamiminwa kwenye ndoo moja, na ndoo hiyo inaosha mikono, kisu, paja na utumbo, kwa zamu isiyo na mpangilio. Kunguru wako juu, mbwa wako pembeni. Baadaye nyama inaingia kwenye kiroba, kiroba kinapanda bodaboda.

Wachinjaji hawa si watu wazembe. Wanafanya kazi saa kumi ya usiku kwa mwanga wa tochi, wanalipwa kwa kichwa cha ng'ombe, na magonjwa ya mifugo huanza kuwapata wao kabla hayajamfikia mlaji. Ukimpa mtu ndoo moja ya maji kwa ng'ombe mzima, usimwulize kwa nini nyama ina mavi.

Delta: maji kila upande, ya kuoshea hakuna

Ukiteremka Nyamisati na kupanda boti kuingia Salale, Mbuchi, Msala, Kiongoroni au Maparoni, ugumu unaongezeka maradufu. Huko maji ni mengi kuliko ardhi, lakini ni maji ya bahari yanayojaa na kupwa kati ya mikoko. Kiangazi mto ukipungua nguvu, chumvi inapanda juu zaidi, na visima vinageuka. Maji baridi yanatafutwa kwa mtumbwi, yanawekwa kwenye dumu, yanahesabiwa. Mama aliyepiga makasia kufuata maji ya kunywa atayamwaga vipi kuosha sakafu ya kuchinjia?

Kwa hiyo ng'ombe wa harusi anachinjwa chini ya mwembe, juu ya majani ya mnazi, na mara nyingine anaoshwa kwa maji ya mto uleule wenye vyoo kando yake. Nyama inayonunuliwa Kibiti husafiri kwa bodaboda, ikasubiri boti, boti ikasubiri maji kujaa. Barafu ikiwepo imetengwa kwa samaki na kamba, kwa kuwa hao wana tajiri anayewasubiri.

Mafuriko ya mwaka 2024 yalitukumbusha jinsi mambo haya yalivyoungana. Mto Rufiji ulipofurika, Aprili ile, maji yalilala kwenye mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya. Maji yakiingia chooni, zizini na kisimani kwa wakati mmoja, hakuna tena mpaka kati ya kinyesi cha ng'ombe, cha binadamu na chungu cha ugali.

Kamba wa Ulaya na ng'ombe wa Kibiti

Wapo watakaosema kudhibiti bakteria ni anasa ya nchi tajiri. Ningewaomba warudi mwaka 1997. Kufikia mwaka huo salmonela ilikuwa imekutwa kwenye minofu ya samaki wa Ziwa Victoria iliyofika Hispania na Italia. Mwaka huohuo kipindupindu kiliipiga Tanzania vibaya: wagonjwa 40,249 waliripotiwa, na watu 2,231 wakafariki. Mwishoni mwa mwaka Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji, na haukuufungua hadi katikati ya 1998.

Tulifanya nini? Tulijirekebisha haraka. Viwanda vya Mwanza viliwekewa vigae, maji yenye klorini, mabuti meupe na wakaguzi waliofundishwa. Maabara ya kupima ubora wa samaki ikasimama Nyegezi. Mialo ikajengewa sakafu na mabomba. Nchi ileile, fedha zilezile chache, wataalamu walewale. Na kamba wa delta ya Rufiji, wanaovuliwa kwenye maji haya yaliyojaa mikoko kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, nao wakiuzwa nje hupita kwenye vipimo hivyo.

Basi inakuwaje kamba atakayeliwa na mtu wa Ulaya apimwe salmonela, na nyama itakayoliwa na mtoto wa Mjawa igongwe muhuri tu? Uwezo tunao. Kilichokosekana ni mlaji mwenye sauti ya kutufungia mlango. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuzuia biashara ya mtu. Yeye anaharisha tu.

"Moto unaua"

Hili ndilo jibu ninalolisikia zaidi, na lina ukweli. Nyama ikichemka vizuri hadi ndani, salmonela na E. koli hufa. Mapishi yetu ya kuchemsha muda mrefu yametukinga kuliko tunavyojua. Lakini kabla ya nyama kufika motoni imepita wapi? Imekatwa kwenye ubao. Kisu kilekile, bila sabuni, kimekata nyanya na vitunguu vya kachumbari, na kachumbari haipiti motoni. Mikono iliyoosha utumbo imemmenyea mtoto ndizi. Mshikaki umeungua nje, ndani bado una rangi ya waridi, na abiria ana haraka ya kuwahi basi.

Zaidi ya hapo kuna vimelea visivyoutii moto. Klostridia wa aina ya perfringens huacha mbegu zinazostahimili kuchemka. Pilau la shughuli linapikwa usiku kwenye sufuria kubwa, linafunikwa, linaachwa lipoe lenyewe hadi watu wamerudi msikitini mchana. Katikati ya sufuria lile joto hukaa saa nyingi, mbegu zinachipua, na jioni nusu ya mtaa inaumwa tumbo. Watu wananong'ona kuhusu kijicho na uchawi, na mpishi wa watu anapoteza jina lake. Sumu ya stafilokoka nayo ikishatengenezwa kwenye chakula haiondolewi kwa kupasha moto.

Kuna suala la wazee wetu, kwamba walikula hivi na hawakufa. Walikula nyama mara chache, wakaipika palepale, wakaimaliza. Na wengine walikufa, wengi wao wakiwa watoto. Tulisema ni siku yao imefika, tukazika. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015, chakula kisicho salama huwaumiza watu milioni 91 kwa mwaka barani Afrika na kuwaua 137,000. Duniani kote, karibu kifo kimoja kati ya vitatu vya aina hii ni cha mtoto aliye chini ya miaka mitano.

Wanaoumia zaidi ni wenye mfuko mdogo. Steki inaosheka, utumbo ni kazi. Na supu ya utumbo ndiyo nyama ya mtu asiyeweza kununua steki. Mama lishe anayeununua kwa ndoo anausafisha nyumbani, kwenye beseni la familia, na maji yale machafu yanamwagwa uani wanakochezea watoto.

Dawa zinapoishiwa nguvu

Mtu wa kawaida akiumwa tumbo Kibiti anakwenda duka la dawa. Anaambiwa ni taifodi. Amekuwa na taifodi mwaka jana, na mke wake pia, na jirani. Kipimo cha Widal kinachotumika mahali pengi kina udhaifu unaojulikana. Kinaweza kusema ndiyo kwa mtu asiye na taifodi. Anapewa vidonge vya antibayotiki, anakula nusu, nafuu ikija anaweka vingine akiba.

Upande wa pili, mfugaji ana chupa ya oksitetrasaiklini na bomba la sindano. Afisa mifugo yuko mbali, ng'ombe anaumwa, anajidungia mwenyewe. Akiona hapati nafuu anampeleka mnadani kabla hajamfia, na muda wa kusubiri dawa itoke mwilini unasahaulika. Bakteria walio kwenye utumbo wa ng'ombe huyo wamekutana na dawa na baadhi wamejifunza kuishi nayo. Karo chafu ndiyo njia yao ya kuja kwetu.

Nchi hii ina kumbukumbu ya jambo hili. Mlipuko wa kipindupindu ulipoanza Oktoba 1977, vimelea vilikuwa vinakufa kwa tetrasaiklini. Dawa hiyo ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima. Baada ya miezi 5 tu, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu. Mtafiti Mhalu na wenzake waliyaandika hayo mwaka 1979 katika jarida la The Lancet. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao leo wizara zinauita UVIDA na kuuandalia wiki ya maadhimisho, hapa kwetu ulishaonekana waziwazi zaidi ya miaka 40 iliyopita. Kuzuia mavi yasiguse nyama ni njia rahisi kuliko kutafuta dawa mpya.

Nini kifanyike, na kwa fedha ya nani

Sidai kila tarafa ijengewe machinjio kama yale ya Vingunguti, ambayo Rais John Magufuli aliyakagua Septemba 2019 na kuagiza yakamilishwe haraka. Kibiti haichinji kama Dar es Salaam. Mahitaji ya karo dogo yanafahamika: kisima au bomba lenye tangi juu, ili maji yateremke kwa nguvu, mnyororo na boriti ya chuma ya kumnyanyulia ng'ombe ili asichuniwe sakafuni, sakafu yenye mteremko na shimo la maji machafu lililofunikwa, jiko la kuchemshia visu. Mengine hayadai hata senti. Ng'ombe apumzishwe na kunywa maji bila kulishwa tangu jana yake, tumbo lisijae. Koo na mwisho wa utumbo vifungwe kwa kamba kabla ya kupasua. Kisu cha ngozi kisiwe kisu cha nyama. Anayesafisha utumbo asiguse paja. Kwenye bodaboda, sanduku lenye kifuniko lichukue nafasi ya kiroba.

Bodi ya Nyama imekuwa ikiyapiga vita magogo ya kukatia nyama mabuchani na kusisitiza mashine. Naunga mkono, gogo lenye nyufa haliosheki. Ila naona tumeanzia mwisho wa safari. Mashine mpya inayokata paja lililotoka sakafuni inasambaza uchafu kwa unadhifu zaidi. Muuza bucha analipa gharama, anafungiwa duka, huku karo alilolazimika kulitumia likiwa halina bomba.

Na wenye mamlaka ni wengi mno. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, Sheria ya Tasnia ya Nyama ya 2006, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Afisa mifugo, bwana afya, Bodi ya Nyama, na tangu 2019 usalama wa chakula uko Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Wote wana haki ya kukagua. Nani ana wajibu wa kuleta maji? Jibu ni halmashauri, kwa sababu ndiyo inayokusanya ushuru wa machinjio kwa kila ng'ombe anayechinjwa. Ushuru huo urudi kwenye karo kwanza, hadi maji yatoke, ndipo utumike pengine.

Masheikh wetu nao wana nafasi ambayo mtaalamu hana. Delta na Kibiti ni nchi ya Waislamu, na hakuna mchinjaji atakayethubutu kuacha kutaja jina la Mwenyezi Mungu. Kurani inapoamrisha kula halali inaamrisha pamoja nayo kilicho kizuri na safi. Khutba moja kabla ya Idi ya kuchinja, juu ya maji, kisu cha pili na kugawa nyama mapema, itafika Maparoni kabla ya waraka wowote wa wizara.

Hesabu ya nyumbani ndiyo inayoniumiza zaidi. Mtoto akianza kuhara damu kisiwani Msala, mama anatafuta boti hadi Nyamisati, kisha bodaboda hadi Bungu au Kibiti. Nauli ya kwenda, ya kurudi, chakula cha njiani, siku mbili bila kuvua wala kulima, na ndugu wa kumwachia wengine. Fedha aliyookoa kwa kununua utumbo badala ya steki imeteketea mara nyingi. Na mtoto anayeharisha mara kwa mara utumbo wake unashindwa kunyonya chakula hata kikiwepo. Takwimu za kitaifa za 2022 zilionyesha asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Tunawahimiza wazazi wawape nyama, mayai na samaki. Tuhakikishe basi nyama hiyo haileti ugonjwa unaokula kilicholiwa.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Ndugu zangu wa Kibiti na wa delta, utakapoitishwa ujao nendeni, na muulizeni diwani wenu mambo mawili: ushuru wa machinjio uliokusanywa mwaka huu ni shilingi ngapi, na kati ya hizo ni ngapi zimenunua maji ya kuoshea nyama mnayokula. Msikubali kuondoka mpaka majibu yote mawili yameandikwa kwenye muhtasari.